Kivuli cha ukuta wa Ngozi

Mpango wa kwanza ulikuwa mbovu. Tulikuwa watatu kwenye gesti mjini Mbeya, mwezi wa Julai, na kila mmoja alitaka picha ya jua likichomoza juu ya Ziwa Ngozi. Tungepanda usiku kwa tochi kwenye matope, tufike juu tupige picha ya giza.

Ngozi ni bakuli la volkano: maji yana urefu wa kilomita 2.5 hivi, upana kama 1.6, na kuta za msitu pande zote. Tukachora kwenye karatasi. Julai jua la Mbeya huchomoza saa 1 asubuhi, likitokea kaskazini-mashariki. Tukikadiria ukuta wa mita 300, saa 2 na nusu jua liko nyuzi 20 tu juu ya upeo wa macho na kivuli kinafunika zaidi ya mita 800 za maji, yaani nusu ya ziwa. Ikifika saa 4 jua liko karibu nyuzi 38, kivuli kimerudi chini ya mita 400. Kuchelewa zaidi nako ni hatari, maana mchana mawingu hupenda kukalia milima ile ya Poroto.

Basi tukahesabu kinyumenyume. Picha saa 4. Kufika ukingoni saa 3, jasho likauke. Kupanda msituni saa moja na nusu kwa mzigo, hivyo kuanza saa 1 na nusu. Kuondoka mjini saa 12 kasorobo, kwa sababu kijijini Isongole kuna kumpata kiongozi, kulipa kiingilio, kisha njia ya vumbi hadi mwanzo wa msitu.

Mizigo tuliipunguza bila huruma: kamera moja kila mtu, lenzi ya milimita 35, tripodi moja ya pamoja, maji lita 2, betri ya akiba kwenye mfuko wa shati. Raba hazifai, hata kiangazi njia ile ina utelezi, na mizizi inateleza kuliko tope. Tripodi ibebwe imekunjwa ndani ya begi. Ikifungwa nje hunasa kwenye mianzi, na ukigeuka kuinasua ndipo unapoanguka.

Ratiba ilishika. Kilichotuangusha ni filta ya polaraiza, kioo cha kufunga mbele ya lenzi. Msituni ilikuwa nzuri mno, ikiondoa mng'ao kwenye majani mabichi, kwa hiyo hakuna aliyekumbuka kuivua. Ziwa haliingii kwenye fremu moja ya milimita 35, tukapiga tano za wima, kila moja ikipishana na mwenzake kwa theluthi, mwangaza na fokasi tumevifunga. Zilipounganishwa, anga ilikuwa na doa jeusi katikati na pembeni imepauka, kwani nguvu ya polaraiza hubadilika kadiri unavyogeuka mbali na jua. Kompyuta haikulirekebisha.

Bahati, mmoja wetu alikuwa amepiga mfululizo wa pili bila filta, kwa uvivu tu: ilimwangukia kwenye majani akakataa kuifuta tope. Wingu lilikuwa limeshaanza kushuka ukuta wa magharibi, na fremu ya tano ni nyeupe tupu. Tulichapisha nne.