Kolwezi na Kurudi: Fidla Mbili Kiangazi cha Katanga

Basi la Kolwezi liliondoka Lubumbashi alfajiri, katikati ya Julai, baridi ikikaza vidole. Kiangazi cha Katanga hakina masihara: usiku hewa hushuka chini ya digrii 10, mchana hupanda hadi 25 na ushei, na mvua watu wamekwisha kuisahau tangu Mei. Baridi hiyo fidla huivumilia. Kinachoiumiza ni ukavu. Mbao zake hutulia unyevu wa hewa ukiwa kati ya asilimia 40 na 60, na juzi yake saa nane mchana kipima unyevu sebuleni kilisoma 31.

Tulikuwa wawili, na jioni ya pili tulikuwa tupige konseto ya Bach ya fidla mbili, re ndogo, kanisani, harmonium, kinanda cha kupigwa kwa hewa, ikishika nafasi ya okestra. Njia ni zaidi ya kilomita 300, kupitia Likasi na Fungurume.

Kazi ya safari ilifanyika usiku wa kuamkia. Sifongo ya kuoshea vyombo ilikatwa kipande cha ukubwa wa kidole gumba, ikaloweshwa, ikakamuliwa mpaka isitoe hata tone, ikatiwa ndani ya kisanduku cha sabuni kilichotobolewa matundu. Kisanduku hukaa upande wa kichwa cha fidla, kimefungwa kisitembee. Sifongo ikigusa mbao, vanishi huingia doa na gundi huanza kuachia.

Nyuzi nne, sol, re, la na mi, zililegezwa nusu sauti tu. Wanafunzi wengi huzilegeza kabisa, eti fidla ipumzike. Sasa, ndani ya fidla, nyuma kidogo ya mguu wa daraja, kile kibao kinachoinua nyuzi, upande wa mi, kimesimama kijiti cha mviringo chenye unene wa milimita 6 hivi, bila gundi wala msumari. Wafaransa hukiita roho, na jina hilo tumelichukua hivyo hivyo. Kinasimama kwa kubanwa tu kati ya uso na mgongo, na nyuzi ndizo zinazokaza. Legeza zote, sanduku ligongwe mara moja, roho imelala. Kuisimamisha tena kunataka chuma chenye umbo la S kinachopitishwa kwenye tundu la umbo la f usoni mwa fidla, na mkono uliozoea. Ikikuangukia njiani, shusha nyuzi zote papo hapo na usipige tena, maana uso wa fidla waweza kudidimia chini ya daraja.

Kitambaa laini kikakunjwa na kuwekwa chini ya kishika nyuzi, ili daraja likianguka viskurubu visichimbe vanishi. Uta nao ulifunguliwa mpaka singa zikalegea kabisa. Singa hizo za mkia wa farasi, 150 hadi 200 hivi, hufupika hewa ikikauka. Uta ulioachwa umekazwa jioni waweza kuukuta asubuhi umepinda, au ncha imekatika. Mfukoni: seti kamili ya nyuzi, mi mbili za ziada kwa sababu ndiyo nyembamba na hukatika kwanza, kolofani, utomvu mkavu wa kupaka singa, penseli laini, chaki na kipande cha sabuni kavu.

Masanduku yalifungwa kwa kitenge juu ya zipu. Vumbi jekundu la barabara hii hupenya popote, na likichanganyika na unga wa kolofani hugeuka kama msasa juu ya nyuzi.

Konda alikwisha fungua mlango wa mizigo.

“Papa, iyi njo gitare? Tia chini.”

“Hapana, mwana. Hii tunalipia kiti.”

Na tukalipia kweli. Kiti cha tatu ni ghali, lakini kule chini kuna magunia ya unga na madumu ya mafuta, na hakuna ajuaye nini kitalalia nini. Tulikaa katikati, upande wa kushoto: asubuhi basi huelekea kaskazini-magharibi, jua likapiga kulia. Viti vya nyuma, juu ya injini, ni jiko. Gundi ya fidla hupikwa kwa ngozi za wanyama, na hulainika kwa joto. Ndiyo maana fidla haiachwi ndani ya gari lililoegeshwa juani hata kwa dakika za kununua maji.

Baada ya peaje, kituo cha kulipia barabara, malori yalitupita moja baada ya jingine, mengine na mabamba ya shaba, mengine na asidi. Mwenzangu alikuwa na nota magotini, mkono wa kushoto ukitembea juu ya mkono wa kulia kana kwamba ndio shingo ya fidla. Anajiandaa kwa majaribio ya okestra ya ng'ambo. Kule unaitwa kwa namba, unapiga nyuma ya pazia ili wakaguzi wasikuone, na kwa kawaida unaanza na Mozart, konseto ya tatu, ya nne au ya tano, kisha vipande vya okestra. Ukurasa wa kwanza wa Don Juan ya Richard Strauss hukosekana kwa nadra. Dakika chache, halafu “asante”. Miaka kumi na mitano ya mazoezi hupimwa hapo, na mara nyingi kinachomwangusha mtu ni mdundo wake kuyumba, noti zote zikiwa sahihi.

Likasi tulifungua masanduku. Uzi wa la wa fidla yangu ulikuwa umeporomoka kabisa. Kigingi ni mti uliochongwa mwembamba kuelekea ncha, kikakaa kwenye tundu la umbo hilo hilo. Vyote viwili vikikauka, mshiko hupotea. Nilikichomoa, nikakipaka chaki pale panapogusa kuta za tundu tu, nikauzungusha uzi upya mpaka mzingo wa mwisho ukaegemea ukuta, kisha nikakisukuma ndani huku nikikaza. Kukaza bila kusukuma ni kujisumbua. Masika mambo hugeuka: mti huvimba, kigingi hakitoki hata kwa kuapa, na hapo ndipo sabuni kavu inapofanya kazi.

Kila uzi unapopandishwa huvuta kichwa cha daraja kuelekea vigingi. Usipoangalia, linainama, kisha linaanguka kwa mlio wa kumtoa mtu roho. Litazame kwa ubavu: upande unaotazama kishika nyuzi usimame wima juu ya uso wa fidla. Limeinama? Shika pembe zake za juu kwa vidole gumba na vya shahada, rudisha polepole. Penseli kwenye mifereji yake minne husaidia uzi kuteleza bila kulivuta.

Kolwezi ilitungojea na harmonium ya zamani. Noti yake ya la ilikuwa chini ya mitetemo 440 kwa sekunde tunayoizoea. Karibu 435, kipimo ambacho Ufaransa ilikiweka mwaka 1859. Tofauti ni kama sehemu ya tano ya nusu sauti, ndogo kwa maneno, chungu kwa sikio. Vilimi vya shaba vya harmonium havitengenezwi kwa alasiri moja, kwa hiyo fidla ndizo zilizoshuka, na tulizishusha saa nne nzima kabla ya watu kuingia ili nyuzi zizoee. Mwenzangu alishika fidla ya pili, ambayo katika Bach huyu ndiyo inayoanza. Ya kwanza huingia baadaye, kwenye la.

Malipo yalikuwa nusu kabla ya tiketi na nusu kabla ya kupanda jukwaani, kwa dola, kila noti ikikaguliwa kingo kwa sababu iliyochanika kidogo tu haipokelewi dukani.

Tuliporudi Lubumbashi, uzi wa sol ulikuwa na mlio wa nzi aliyenaswa. Niligonga ukingo wa fidla kwa kifundo cha kidole, nikizunguka pole pole: ko, ko, ko, halafu pa. Karibu na kidevu, mshono ulikuwa umeachia kama sentimita tatu. Gundi ya ngozi hufanywa dhaifu kwa makusudi, ili ukavu ukivuta, mshono ufunguke kabla mbao hazijapasuka. Gundi ya seremala au ile ya kukauka kwa sekunde isikaribie hapo, kwani safari ijayo kitakachopasuka ni uso wenyewe. Chembe za gundi zililala ndani ya maji usiku mzima, zikapashwa ndani ya kopo lililokaa kwenye sufuria ya maji ya digrii 60 hivi, zikapakwa kwa kisu chembamba, vibanio viwili vikakaa mpaka kesho yake. Nikagonga tena. Ko, ko, ko, mzunguko mzima.