Kii ya koo la sasa

Tunarekodi upya wimbo wa zamani wa Mzee, mwimbaji wetu, pamoja na waimbaji wageni, na tangu Jumatano maneno aliyomjibu mmoja wao hayajanitoka kichwani. Wiki yenyewe ilikuwa nzito: ngoma zimekwisha kurekodiwa, mkataba wa mgeni wa tatu umesainiwa, mama karuhusiwa kutoka hospitali. Lakini kinachorudi ni kile cha studio tu.

Binti, mmoja wa wageni, aliingia chumba cha kuimbia, akavaa visikilizio, akasikiliza beti moja.

"Shikamoo, Mzee. Samahani, hii kii ni ya wimbo au ni yako?"

"Marahaba, mwanangu. Ni ya koo langu la sasa."

Kimya. Mpiga besi akashika kitambaa, akaanza kufuta nyuzi alizokwisha kuzifuta.

Swali halikuwa na ubaya. Mwimbaji anayejua kazi huuliza kii, yaani kimo cha sauti ambacho wimbo umejengwa juu yake, kabla ya jambo jingine lolote. Wimbo ulipigwa D, sisi tumeushusha hadi C, tone nzima, kwa sababu noti ya juu ya kiitikio Mzee anaifikia mara mbili, tatu, halafu koo linakaza, na kiitikio kinarudi mara sita. Kwa binti, hiyo C inaitupa beti chini kabisa ya sauti yake, pale maneno yanapogeuka pumzi tupu. Kosa ni kwamba hakutumiwa treki ya mwongozo, rekodi ya mfano ya kujifunzia wimbo. Angeipata siku tatu kabla, angeuliza kwa simu, si mbele ya bendi nzima.

Beach Boys, bendi ya Marekani, waliporudia nyimbo zao mwaka 1996 waliwaachia waimbaji wa kantri sauti ya mbele, wao wakaimba nyuma. Hapo kii inamfuata mgeni, mambo yamekwisha. Sisi tunataka Mzee aanze, mgeni ampokee katikati ya wimbo uleule, na sauti ya mwanamume mzee na ya msichana haziketi kiti kimoja. Ukitafuta kii ya kuwapatanisha, mara nyingi unapata inayowaumiza wote wawili.

"La sasa." Alilisema polepole, kama mtu anayeweka kitu mezani.

Alhamisi ndipo mambo yakageuka. Tulikuwa tunapima rekodi ya zamani ili tupate ramani ya mwendo, maana enzi zile hawakupiga na kliki, mlio wa kushikilia mwendo: inaanza mapigo 115 kwa dakika, kwenye kiitikio inafika 119. Ukiweka mwendo mmoja ulionyooka, wimbo unakufa, basi tunafuata baa kwa baa, yaani kila kifungu kidogo cha mapigo. Gitaa likakataa kulingana na rekodi. Si D, si E flati, iko katikati. Mzee akapiga paja: tepu iliharakishwa kidogo siku ya miksi ili wimbo uchangamke! Kasi ikiongezwa asilimia 3, sauti hupanda karibu robo tone. Kumbe walipiga kwa 112 hivi, na ile sauti nyembamba ya ujana tuliyokuwa tunaikimbiza miezi yote hii haikuwahi kutoka kooni mwake. Mashine ndiyo iliyoipandisha. Tangu hapo ameimba amelegeza mabega, na sijamsikia hivyo muda mrefu.

Binti alipoambiwa, akarudi Ijumaa asubuhi. Beti ya kwanza imebaki C, ya Mzee. Baa mbili za mwisho, kodi ya C, zile noti zinazopigwa pamoja, inaongezewa noti ya saba (C7), inavuta yenyewe kwenda kii ya F, binti anaingia hapo naye Mzee anashuka kwenye sauti ya pili chini yake. Gitaa la ridhimu linafunga kapo, kibanio cha nyuzi, freti ya tano, mishiko inabaki ileile ya C na mlio haupotezi utu wake. Akamaliza kwa mara mbili.

Mgeni wa pili, aliyerekodi kwao, alitutia hofu bure: faili lake ni la sampuli 48,000 za sauti kwa sekunde, mradi wetu 44,100, likafunguliwa bila kubadilishwa. Sauti ikashuka karibu robo tatu ya tone na beti ikarefuka kwa asilimia 9 hivi. Faili liwe WAV, biti 24, lianze baa ya kwanza hata kama mtu anaimba dakika ya pili, na lisiwe na mwangwi wowote. Mwangwi ukishaingia hautoki.

Kuna aliyependekeza tuchukue makofi kwenye tepu ya zamani. Hapana. Utunzi ni wa Mzee, rekodi ile ni ya kampuni, na bila kibali chao hata kofi moja haligusiki. Tutapiga makofi wenyewe, watu wanne, mita mbili kutoka kwenye maikrofoni, tena mara tatu ili yajae.

Jumatatu binti anarudi kwa kiitikio cha mwisho.