Machozi ya Stevens

Jana usiku nilimaliza kuisoma kwa mara ya pili The Remains of the Day, riwaya ya Kazuo Ishiguro iliyochapishwa mwaka 1989 na kutwaa Tuzo ya Booker mwaka huohuo, na tangu asubuhi Stevens hajanitoka moyoni. Msimulizi huyu ni mtumishi mkuu katika jumba la kitajiri nchini Uingereza. Mwaka 1956 anaazimwa gari na tajiri wake, anafunga safari kwenda kumwona Bi Kenton aliyefanya kazi naye zamani, na njiani anaikumbuka miaka aliyomtumikia Bwana Darlington, tajiri wake wa zamani.

Niliposoma mara ya kwanza nilimwona mtu mkavu, asiye na huruma hata kwa mzazi wake. Safari hii nilisoma polepole sura ya mkutano wa mwaka 1923, ambapo wageni wamejaa chini, baba yake anakata roho ghorofani, naye anaendelea kuwamiminia watu mvinyo. Hasemi popote kwamba analia. Tunalijua hilo pale Bwana Darlington anapomuuliza kama yu mzima, kwani anaonekana kama mtu anayelia, naye anajibu kwamba ni uchovu wa kazi za siku. Hapo nilikifunika kitabu kwa muda.

Ni kweli kwamba mjadala wake kuhusu hadhi ya mtumishi bora umerefushwa kupita kiasi. Wala simsamehi kwa kutii amri ya Bwana Darlington na kuwaachisha kazi wajakazi wawili kwa sababu tu walikuwa Wayahudi. Baadaye anapodai kwamba jambo hilo lilimuumiza yeye pia, Bi Kenton anamuuliza kwa uchungu kwa nini siku zote lazima ajifanye, na swali hilo ndilo lililokuwa langu tangu kurasa za mwanzo.

Wanapoonana tena, Bi Kenton anakiri kwake kwamba aliwahi kuwaza maisha ambayo wangeishi pamoja. Stevens anatuambia sisi wasomaji kwamba moyo wake ulikuwa unavunjika, lakini mwanamke aliye mbele yake hamwambii neno hilo. Anatabasamu na kumtakia heri. Siku mbili baadaye, jioni huko Weymouth, ameketi kwenye benchi akizungumza na mtu asiyemjua, na kwa mara nyingine hatuambii kwamba machozi yanamtoka, ila mtu yule anamnyoshea leso.