Gesi ninavyoimimina mbele ya watoto wa Goma

Yabisi na vimiminika havinisumbui darasani. Mawe meusi ya volkano yako kila uani, maji yako kwenye bidoni: mtoto anaona mwenyewe kwamba jiwe halibadili umbo, na maji hufuata umbo la chombo. Kazi iko kwenye gesi, maana haionekani. Mimi huanzia na ile wanayoonywa nyumbani, mazuku: kaboni dioksidi inayotoka ardhini na kutuama mashimoni, hasa upande wa kuelekea mji wa Sake, magharibi mwa Goma.

Nakata sehemu ya juu ya bidoni angavu ya lita 5, kisha nasimamisha ndani yake mishumaa miwili, mmoja wa sentimita 4 na mwingine wa 12, mbali na kuta za plastiki. Kwenye jagi la lita 2 naweka mililita 200 za siki ya mezani, halafu vijiko 3 vya chai vya bikaboneti (soda ya kuokea), kidogo kidogo. Vikikutana hutoa povu na kaboni dioksidi ileile, ambayo hubaki ndani ya jagi juu ya siki. Ukitia yote mara moja, povu linafurika na kumwagika mezani. Likishatulia, nawasha mishumaa na kuinamisha jagi polepole ukingoni mwa bidoni, nikiacha kabla siki haijafika mdomoni. Tone moja likigusa utambi, watoto watasema siki ndiyo iliyozima moto, na hutakuwa na jibu. Madirisha nayafunga, upepo kidogo tu huipeperusha gesi.

Mshumaa mfupi huzimika kwanza. Hapo ndipo ninapowaeleza kwamba gesi hii ni nzito kuliko hewa, kama mara 1.5, ndiyo maana mbuzi au mtoto mdogo huanguka kwenye mazuku huku mtu mzima aliyesimama kando yake bado anapumua. Akiinama kumwinua, naye huanguka. Hili nalirudia mpaka kila mmoja aweze kunieleza.

Kisha huja swali ninalolipenda: “Mwalimu, si ulisema gesi hujaza chombo chote? Mbona hii imekaa chini?” Nawajibu kwamba kusambaa kunahitaji muda. Tunaacha bidoni wazi, baadaye tunawasha tena mshumaa mfupi, nao unawaka, kwa sababu gesi imeshachanganyika na hewa. Kwenye mazuku ardhi haiachi kuitoa, na usiku hadi alfajiri, upepo ukiwa umetulia, hakuna cha kuitawanya.