Siku moja na kontrola yangu, Mtwara mpaka Mikindani

Saa 2 asubuhi. Chai ya rangi, ming'oko, laptopu. Mimi ni DJ wa shughuli, na kontrola ni ile meza ya vitufe ninayoendeshea nyimbo zilizo kwenye laptopu. Usiku nina sendofu Mikindani, na mama mwenye shughuli ameshatuma maagizo: taarabu watu wakila, zilipendwa kwa ajili ya wazee, singeli mwishoni. Nashinda kwenye rekordbox, programu ya kupangia na kuchezeshea nyimbo. Singeli ndiyo inayonilia muda. Wimbo unakimbia mapigo 240 kwa dakika, programu inauandikia 120. Nusu kamili haina shida, lakini mistari ya mapigo, ile programu inayochora juu ya wimbo, ikikaa pembeni hata kidogo, kitufe cha sinki (sync), kinacholinganisha mapigo ya nyimbo mbili, kitakuumbua mbele za watu. Nanyoosha mmoja mmoja.

Saa 4. Kijana wa Magomeni anayenisaidia kubeba mitambo kaja na picha kwenye simu. "Kaka, hela imetimia. Nichukue hii?" Ni XDJ-RX3, mashine ya DJ inayojitegemea: skrini ya inchi 10, unachomeka fleshi unapiga, laptopu huihitaji. Mashine ya kiume, sibishi. Kwenye klabu yenye umeme wa uhakika ningeichukua mimi mwenyewe.

Ila wengi wakichagua wanahesabu vitufe vya mbele. Mimi naanza na mgongo: umeme unaingilia wapi, sauti inatokea wapi? Yangu ni DDJ-FLX4, chaneli 2 tu, inanyonya umeme wa laptopu kwa waya wa USB. Ukiichomeka, rekordbox inakufungulia sehemu ya kuchezesha bila ada ya mwezi. Udhaifu wake ni kutoa sauti kwa RCA, zile waya za vichwa vyekundu na vyeupe. Waya wa RCA ukiuvuta ukumbi mzima unaokota mvumo, kwa hiyo natumia mfupi mpaka kwenye mikisa, mashine ya kuchanganyia sauti, kisha XLR, waya za pini tatu zisizookota mvumo kirahisi, ndizo zinasafiri kwenda kwenye spika. Hiyo kubwa ina XLR zake, hapo imenizidi.

Kijana kasikiliza, lakini jicho liko kwenye skrini.

Saa 9 alasiri. Kirikuu imefika. Spika, stendi, jenereta, kapu la waya.

Saa 11. Tunafunga mziki uani. Maiki ya MC inaingia kwenye mikisa moja kwa moja, haipiti kwenye kontrola. Laptopu ikiganda, MC aendelee kuongea. Bafa, yaani kipande cha sauti ambacho laptopu inaandaa kabla ya kukitoa, naiweka sampuli 512, sauti inachelewa kama milisekunde 12. Wapo wanaoshusha mpaka 128 ili vidole viitikiwe haraka. Kwa joto la huku na laptopu yangu ilivyochoka, ni kujitafutia mikwaruzo.

Saa 3 usiku. Taarabu. Kina mama wanatunza, mimi kazi yangu ni kutogusa kitu.

Saa 5 kasoro. Zilipendwa imekolea, umeme ukakatika. Giza, watu "aaah!" Taa za kontrola zinawaka vilevile, kwa kuwa betri ya laptopu inazibeba. Nikasimamisha wimbo palepale, nikazima spika maana jenereta ikianza huyumba, kijana akavuta kamba. Iliponguruma na kutulia, nikawasha spika na kuachia kiitikio kilekile walichokatishwa. Bibi mmoja aliyekuwa ameshakaa alinyanyuka tena.

"Kaka, ile yenye skrini ingezima?"

"Ingezima. Halafu ungeisubiri iwake upya, na wimbo uutafute."

Saa 6. Kutoka zilipendwa kwenda singeli sivuti spidi, wimbo unageuka katuni. Natupia mwangwi, nakata, naangusha singeli kavu. Vumbi lote la uani likapanda.

Saa 8. Malipo yaliyobaki, mama kasema kesho mchana. Kwenye kirikuu kijana yuko kimya na simu yake. Nikachungulia: anatafuta bei ya UPS, betri ya akiba umeme ukikatika.