Marumaru iliyochomwa na asidi: vanishi haisaidii, pedi za almasi zinasaidia

Yale mabaka meupe si uchafu. Hilo ndilo ningependa kila mwenye sakafu ya marumaru hapa Kisumu alijue kabla hajamlipa fundi. Asidi ya kuondolea saruji kwenye vigae vya bafu ilitiririka hadi kwenye korido ya nyumba ninayoitunza Milimani, na ushauri ukaanza kumiminika: paka siki, paka nta, paka vanishi. Siki nayo ni asidi! Marumaru ni kalsiamu kaboneti. Asidi ikiigusa inatoa povu na kulila jiwe lenyewe. Linalobaki ni jiwe lenye uso wa kukwaruza, na sabuni haiwezi kurudisha kilicholiwa.

Vanishi ndiyo iliyoniudhi zaidi. Fundi aliipaka upande wa mlangoni, jioni ikang'aa, kila mtu akasifu. Lakini jiwe hupitisha unyevu kutoka chini, na vanishi ile haipitishi. Ikafura malengelenge, ikawa ya manjano pale miguu inapopita, kisha ikaanza kubanduka vipande vipande. Ilibidi itolewe yote kwa dawa ya kuondolea rangi isiyo na asidi, na kona kwa wembe. Kazi hiyo ilichosha kuliko kung'arisha kwenyewe.

Asidi iliyojificha kwenye viungo vya vigae niliituliza kwa magadi, yale yale ya kulainishia mrenda: kijiko cha mezani kwa lita ya maji, kisha nikasuuza vizuri. Vaa glavu.

Usikubali grainda ya kukatia chuma. Inazunguka karibu mara 11,000 kwa dakika. Pedi inaungua na jiwe linapata alama za moto. Kodi mashine ya kung'arishia inayopunguzwa kasi, ifanye kazi kati ya 1,000 na 3,000, na umeme upitie swichi inayojikata yenyewe, maana unasugua kwa maji na yapo kila mahali. Seti ya pedi za almasi za inchi 4 ni elfu kadhaa, nayo inadumu.

Pitisha ukucha ukingoni mwa baka. Ukinasa, anza na pedi namba 200 (namba ikiwa ndogo, chembe ni kubwa). Usiponasa, 400 inatosha. Kisha 800, 1500, 3000. Ukiruka namba, mikwaruzo ya pedi iliyotangulia itabaki, na hakuna poda itakayoificha. Usisimame juu ya baka peke yake, utachimba bonde. Sugua kigae kizima, kiungo hadi kiungo.

Sasa hapa ndipo wengi wanapodanganyika. Marumaru ikiwa na maji hung'aa hata kama imekwaruzika vibaya. Mimi napeleka pedi moja kuelekea ziwani, inayofuata naipitisha kwa kukingama na njia hiyo. Nafuta tope jeupe, nakausha kabisa, nalaza tochi sakafuni mwanga utambae juu ya jiwe. Mstari wowote unaofuata mwelekeo wa zamani unaonekana wazi, na narudia pedi hiyo hiyo mpaka uishe. Halafu nabadilisha maji na kitambaa: chembe moja ya 200 ikibaki chini ya 1500 inachora duara ambalo litakurudisha mwanzo.

Mwisho ni poda ya kung'arishia marumaru, ikorogwe iwe nzito kama uji, kwa pedi nyeupe ya sufu na kasi ndogo. Endelea hadi ianze kukauka na mashine ivute mkono. Mng'ao hutokea hapo hapo. Suuza kabla haijagandia.

Dawa ya kuziba vinyweleo nimepaka, lakini inazuia mafuta na chai kupenya tu. Limau la kukamulia samaki likidondoka bado litachoma, kwa hiyo futa mara moja kwa maji. Kudeki ni kwa sabuni isiyo na asidi wala magadi makali, kifuniko kimoja kwa ndoo, na maji ya pili ya kusuuza.