Siku moja maishani mwangu: mwalimu wa darasa la kwanza, Wete, Pemba

Saa 11 na nusu alfajiri. Nshasali, chai ya rangi pembeni, nakata kalenda kuukuu. Mgongo wa kalenda ni mweupe na mgumu, kwa kadi za silabi hakuna kitu kinachofaa zaidi, karatasi ya daftari siku ya pili tu ishalegea.

Saa 1 na nusu niko darasani, skuli ya serikali nje kidogo ya Wete, watoto zaidi ya 60 chumba kimoja ingawa leo viti vingi vitupu, msimu wa karafuu huu. Tunaanza ba be bi bo bu, wanaimba mpaka chumba cha pili wanatulalamikia, mgeni akipita atasema mashaallah watoto wanajua kusoma. Hawajui bwana! Wanajua wimbo. Nikizichanganya kadi nikaanza na bo kisha be, nusu ya sauti zinapotea. Ndo maana wimbo naupa dakika chache tu halafu mmoja mmoja, kadi moja moja, inachosha kweli lakini hapo ndo unajua nani kashika na nani anafuata midomo ya mwenzake.

Tena kuna kitu watu hawakisemi, hawa watoto wanakuja na mtaji kutoka chuoni, yaani madrasa ya Kurani. Keshakaa na juzuu yake, keshazoea kwamba herufi ikitiwa irabu inatoa sauti fulani, sasa ukimwambia b na a ni ba hashangai. Shida ni upande tu, wengine wanaanza kuandika kutoka kulia, jina zima linakuja kinyumenyume, naelekeza kidole pa kuanzia na baada ya muda linanyooka. Wapo wanaowapigia makelele kwa hilo, mie naona ni kumtisha mtoto bure.

Saa 3 vitabu vya hadithi. Hapa ntasema na wa kununa anune. Skuli kibao vitabu vipo, lakini viko kabatini, kabati lina kufuli, ufunguo uko ofisini, ati vitachanika. Si vichanike! Kitabu kikae kipya miaka kimfae nani, mende? Mie vyangu natoa, wanasoma wawili wawili, na Alhamisi wanachukua nyumbani maana chuo hakuna, muda upo. Leo mmoja kanisomea "paka kalala" na kitabu kimeandika paka amelala. Kasoma picha huyo hahaha. Nikafunika picha kwa kiganja, haya baba twende tena, ikabidi ashuke a-me-la-la, jasho linamtoka, kufika mwisho kajicheka mwenyewe.

Saa 4 mapumziko, muhogo na chai, basi.

Saa 6 na nusu wanaingia wa mkondo wa mchana, chumba ni hicho hicho, kwa hiyo nabandua kila kitu ukutani nabeba.

Saa 10 jioni napita kwa bibi mmoja jirani, yuko barazani anachambua karafuu kutoka kwenye makonyo, vile vikonyo vyake, jamvi limejaa. Shikamoo bibi. "Marahaba mwanangu, kaa." Mjukuu wake yuko la tatu sasa, nilimfundisha mie, na ndo anayemsomea stakabadhi za ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, kilo ngapi, daraja gani, pesa ngapi. Bibi anasema zamani akimpa mtu karatasi, lile atakaloambiwa ndo hilo hilo, atabisha kwa lipi? Elimu bila malipo ilipotangazwa tarehe 23 Septemba 1964 yeye kwao tayari alikuwa mlezi wa wadogo zake, kaka zake wakaenda, yeye akabaki jikoni. Sasa mtoto wa miaka tisa anasoma kadi ya kliniki ya mdogo wake, anasoma dawa ni mara ngapi kwa siku, na majirani wanakuja na simu zao awasomee meseji. Kuna siku bibi kamfukuza mmoja, ati mjukuu wake si ofisi!

Nikamuuliza, na yule mdogo mbona leo skuli sijamuona? Kacheka. "Mwalimu, na mpeta ataokota nani?" Ndo zile karafuu zilizoanguka chini ya mikarafuu. Hapo tukavutana kidogo, nikamwambia bibi, mpeta jioni upo, silabi nafundisha asubuhi tu, na huyu ndo atakusomea stakabadhi dada yake akiolewa. Kanyamaza, kisha akasema kesho atakuja. Inshaallah, nshaambiwa hivyo na wengi.

Saa 2 usiku grupu la wazazi la WhatsApp. Natuma sentensi moja tu wasome na mtoto, ndugu zangu wao wananitumia picha za maua. Baba mmoja kajibu kwa voisi, mtoto anasoma na yeye anamsahihisha, na sahihisho lenyewe si sahihi, ila nimefurahi, nikawatumia dole gumba wote wawili.

Kesho gh na dh. Hizo siziogopi, wanazo midomoni kutoka chuoni. Kazi ipo wiki ijayo kwenye ng'.